Vitobo

Kofia imeingia bila vitobo.

Alhamisi, saa nne asubuhi, Ghala,
ghorofa ya tatu juu ya duka la matairi,
nimeburuta faili la vekta nikalitia kwenye mradi.
Programu ikalimeza, haikulalamika,
na kwenye skrini ikatokea kofia ya viua
nyeupe pe, laini kama yai.
Viua vipo. Vitobo havipo.

Nikaitoa upya, nikaiingiza upya.
Nikabadili jina la faili, kana kwamba kosa liko kwenye jina.
Sanjith akasogeza kiti:
"Ifanye picha ya kawaida, mteja haoni."

Ataona. Mteja ni Khalfan wa Nizwa, muuza kofia,
anataka mnunuzi aivute kwa vidole viwili
mpaka auone uzi.
Picha ya kawaida ukiivuta hukatikakatika
vipande vya mraba, kama kashata.
Hii yangu si rangi iliyolala, ni maagizo:
anzia hapa, pinda pale, rudi ulikotoka.
Ikuze ijae ubao wa tangazo barabara ya Sibu,
ukingo wake utabaki wembe.

Vitobo elfu mbili mia tatu na kumi na sita.
Nimevichora mwenyewe, mwezi mzima, sebuleni Mabela,
shangazi Zuwena kanikalia ubavuni, miwani puani:
"Hicho umekipeleka mbali. Kirudishe.
Kofia si chujio."

Jioni nikamfungulia kompyuta.
Akatazama kitambo.
"Umeiziba."
"Si mimi, shangazi. Programu."
"Programu siijui. Naujua mkono.
Mkono wako ulizunguka upande gani?"

Akachukua kitambaa, akatunga uzi.
Ukingo wa nje akaushona kwenda kulia.
Alipofika kwenye kitobo akageuza kiganja,
akazunguka kushoto,
uzi ukavuta, nyuzi zikaachana,
tundu likafumbua jicho.
"Ukizunguka upande uleule, unatia kiraka."

Nikalifungua faili kwa maandishi,
herufi na namba, bila sura.
Yote yalikuwa pale: ukingo na vitobo vyake
vinakwenda upande mmoja,
kama magari kwenye mzunguko.
Kule nilikochorea, programu huhesabu mistari inayovukwa:
ndani, nje, ndani, nje.
Hii ya kazini huuliza njia imeelekea wapi.
Kanuni ilidondoka katikati,
kama karatasi ya forodha iliyosahauliwa mezani Wajajah,
lori limeshaondoka.

Shangazi naye alitolewa Unguja akaingizwa Maskati
mwaka wa sabini na mbili, na sanduku moja la bati.
Kilichodondoka njiani hajawahi kunihesabia.
Sindano hazikudondoka.

Dawa ni neno moja, naijua,
unaliandika mbele ya njia na mambo yamekwisha.
Nililiandika Jumapili, kazini, kama mtu mwenye akili.
Usiku ule nilitaka vigeuke.
Nikaandika mistari kumi na minne ya msimbo,
ikitwae kila kitobo kwa nukta zake,
iisome ya mwisho kwanza,
iirudishe njia nyumanyuma mpaka mlangoni.
Kiyoyozi kinanguruma. Shangazi anamenya chungwa
kwa ganda moja refu lisilokatika.

Nikabonyeza.

Havikufumbuka pamoja. Kompyuta yangu ni kuukuu:
safu ya chini kwanza, kisha ukuta, kisha duara la juu,
na nyuma ya kila tundu ikachungulia
rangi ya kijani niliyoisahau kwenye tabaka la chini.

Shangazi akaweka kidole kwenye skrini,
kikaacha doa la chungwa.
Akafuata safu, midomo ikihesabu kimya.
Nikangoja sifa.

"Hiki cha tatu kutoka ukingoni," akasema,
"nilikwambia ukirudishe."